Magugu yameziba bwawa la bustani na ndani mna nyuti, nisafisheje?

Mama Leila: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Leicester, Uingereza. Nyumba tuliyohamia ina kibwawa uani, kama mita 3 kwa 2, na magugu yamekijaa. Jumamosi nilipanga kuyang'oa yote kwa reki. Jana usiku nikamulika tochi, nikaona nyuti watano: umbo la mjusi, ngozi laini ya chura, tumbo la rangi ya chungwa lenye madoa. Hawazidi kidole changu cha kati. Sitaki kuwadhuru hata kidogo.

Mkulima Mstaafu: Dada, reki iache kabisa mwezi huu wa Mei. Jike hutaga yai mojamoja, na kila yai hulikunjia ndani ya jani la gugu. Geuza majani taratibu. Ukikuta yamekunjwa, ndani mna yai. Subiri Septemba au Oktoba, watoto wengi watakuwa wameshatoka majini.

Mama Leila: Nimetazama sasa hivi, yamekunjwa mengi mno! Lakini juu kumefunikwa na vile vijani vidogo kama punje za dengu, mwanga haupiti.

Bint Mwanza: Hivyo chota kwa chujio, ni vidogo mno kukunjiwa yai. Kagua kila chujio kabla ya kumwaga. Ikifika Oktoba toa theluthi moja tu ya magugu ya chini, uyalaze ukingoni siku moja au mbili ili wadudu na nyuti waliobaki warudi majini wenyewe. Kisha yafanye mboji. Tafadhali usiyatupe mtoni, sisi tuliokulia Ziwa Victoria tunajua gugumaji lilivyotutesa.

Mama Leila: Asante mdogo wangu. Maji yakipungua huwa naongeza ya bomba.

Mkulima Mstaafu: Basi hapo ndipo unapoyalisha magugu. Maji ya bomba mara nyingi yana naitreti na fosfati, chumvichumvi zinazorutubisha mimea kama mbolea. Kinga mvua kwenye pipa. Dawa ya magugu usiguse, na samaki usiweke, watakula watoto wote wa nyuti. Jambo jingine: ukiona nyuti mkubwa, mweusi, ngozi ya vipele, sentimita 15 hivi, huyo analindwa na sheria ya wanyamapori ya Uingereza ya 1981. Usimshike wala kuvuruga bwawa. Waulize kwanza Natural England, shirika la serikali la kuhifadhi mazingira huko.

Mama Leila: Nimeelewa, kaka. Reki nimeirudisha stoo. Pipa la mvua nanunua kesho.