Dinari ya ANTONINVS PIVS, mbona hana ndevu?

Msaka_Sarafu: Wakuu, naombeni msaada. Nina sarafu ya fedha ya Kirumi, gramu 3.2, upana milimita 19. Upande wa kichwa inasomeka ANTONINVS PIVS AVG. Nikajua ni Antoninus Pius, kaisari wa 138 hadi 161. Lakini uso ni wa kijana, kidevu kitupu! Nyuma kuna mwanamke amepanda simba, na maandishi yaliyofifia: INDVLG... AVGG IN CARTH. Nani huyu?

Mzee_wa_Dinari: Kaisari Caracalla huyo. Jina lake la kifalme ni Antoninus; "Caracalla" lilikuwa la utani, kwenye sarafu zake hulikuti. Pius mwenyewe alishika utawala akiwa na miaka 51, na ana ndevu. Tena angalia mpangilio: sarafu zake kwa kawaida husema AVG PIVS, siyo PIVS AVG. Wengi hujikwaa hapo.

Utamu uko nyuma. Maandishi kamili ni INDVLGENTIA AVGG IN CARTH, yaani hisani ya makaisari kwa Karthago. Mwanamke ni Dea Caelestis, mungu wa kike wa mji huo. Chini ya simba tafuta maji yanayobubujika kutoka mwambani. AVG ni Augusto, cheo cha kaisari, na hizo G mbili ni Augusto wawili: Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, na mwanawe huyu. Mwaka 209 Geta, mdogo wake Caracalla, naye akapewa cheo hicho, wakawa watatu. Kwa hiyo yako ni ya kabla ya hapo, mnamo 204, kijana ana miaka kama 16. Ndevu angezitoa wapi?

Kaka_Shaba: Isije ikawa Elagabalus? Naye alijiita Antoninus Pius.

Mzee_wa_Dinari: Alijiita, ila mara nyingi maandishi yake huanza na IMP (imperator, cheo cha kaisari), na nyuma huwa na nyota. Halafu alitawala 218 hadi 222. Simba huyu hamhusu.

Msaka_Sarafu: Asante mzee. Ya kweli lakini?

Mzee_wa_Dinari: Weka picha ya ukingo. Mstari wa kiungo ukizunguka pembeni, au vitundu vya mapovu usoni, basi imemiminwa kwenye kalibu, ni ghushi. Warumi waligonga kwa nyundo. Shaba ikichungulia panapochubuka, huenda ni ghushi ya zama hizohizo, shaba iliyovikwa fedha. Rangi ya kijivu isikutishe, Severus alishusha fedha hadi karibu nusu. Na tafadhali, usiisugue!