Mgonjwa alikuwa anavuja damu ndani, mimi nimeandika "hali nzuri". Ningejuaje?

ZamuYaUsiku

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni muuguzi mpya, wiki ya tano sasa wodi ya upasuaji ya watu wazima. Naomba ushauri. Mkitaka kunisema nisemeni tu, mwenyewe nimeshajisema vya kutosha.

Wiki iliyopita zamu ya usiku nilipokea mgonjwa kutoka thieta, mwanaume wa miaka hamsini na kitu, kilo 70 hivi, kafunguliwa tumbo kwa sababu ya utumbo kuziba. Hakuwa kwenye oksijeni. Chati niliyojaza kwa mkono wangu ni hii:

Saa 3 usiku: mapigo 92, presha 126/78, pumzi 16, oksijeni ya kwenye damu asilimia 98.
Saa 5: mapigo 104, presha 118/76, pumzi 20, oksijeni 96.
Saa 7: mapigo 118, presha 108/74, pumzi 20, oksijeni 95, joto 36.4.

Hiyo saa 7 alikuwa anaongea vizuri, ila hatulii. Anajigeuza, anaomba maji, anasema "sista, sijisikii vizuri" lakini ukimuuliza panauma wapi hasemi. Nikajua ni maumivu, nikampa dawa iliyoandikwa kwenye faili. Bandeji ilikuwa kavu. Presha ya 108 nikaiona iko sawa. Nikaandika "hali nzuri", nikaenda kwa wengine, maana tulikuwa wawili kwa wagonjwa 31.

Saa 11 alfajiri namkuta presha 82/50, mapigo 138, mikono ya baridi, jasho linamtoka. Karudishwa thieta mbio, kukawa na mshipa unavuja ndani ya tumbo. Kapona, sasa hivi anatembea wodini.

Inchaji, yaani msimamizi wa wodi, aliniambia neno moja tu, "ulitakiwa kujua". Ningejuaje, hakusema. Kwa hiyo nauliza ninyi: saa 7 ile ningejuaje? Na daktari wa zamu ningempigia simu nimwambie nini, wakati presha ni 108?

MamaWodi

Pole mdogo wangu. Kwanza swali: mkojo?

ZamuYaUsiku

Dada, alikuwa na katheta, ule mrija wa mkojo. Mfuko sikuutazama mpaka asubuhi. Mililita 90 tangu saa 3.

MamaWodi

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Mtu mzima tunategemea angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa kila saa. Wa kwako kilo 70, ni 35 kwa saa. Kwa saa nane ilitakiwa uone si chini ya 280, wewe una 90. Figo zikikosa damu ya kutosha zinapunguza mkojo, na hazikusubiri presha ishuke ndipo zipunguze.

Presha ni ya mwisho kusema ukweli. Damu ikipungua, mishipa inajibana na moyo unakimbia ili kufidia. Mtu mzima mwenye afya ana kama lita 5 za damu, na anaweza kupoteza zaidi ya lita nzima, karibu na lita moja na nusu, namba ya juu ya presha bado haijaporomoka. Ikiporomoka maana yake mwili umeishiwa ujanja. Ile 82 ya alfajiri haikuanza alfajiri.

Sasa chukua chati yako, toa namba ya chini kwenye namba ya juu. Saa 3: 126 toa 78, unabaki na 48. Saa 5: 42. Saa 7: 34. Umeona inavyobanana? Mapigo yanapanda 92, 104, 118, huku pengo la presha linafinyika. Kila mstari ukiusoma peke yake utasema afadhali. Isome kutoka juu kwenda chini, inapiga kelele.

Tena saa mbili kati ya kipimo na kipimo kwa aliyetoka thieta usiku huohuo ni mbali, na saa nne ndiyo usiseme. Kawaida ni kila dakika 15 saa ya kwanza, halafu kila nusu saa, halafu kila saa mpaka atulie. Na akianza kuyumba unarudi nyuma, unapima mara nyingi zaidi, siyo unasonga mbele na ratiba.

Kanula18

Mimi nina shida na zile pumzi. 20 na 20? Ulihesabu?

ZamuYaUsiku

Ya saa 5 nilihesabu. Ya saa 7... nilimtazama tu, nikaona kama haijabadilika. Nisamehe mkuu.

Kanula18

Usiniombe mimi msamaha, nusu ya wodi duniani wanaandika 20 bila kuhesabu. Lakini ngoja nikuonyeshe ilikugharimu nini.

Kuna mfumo wa alama wa kugundua mgonjwa anayezorota, NEWS, uliotolewa na Royal College of Physicians ya London mwaka 2012 na kuboreshwa 2017. Unachukua pumzi, oksijeni, kama yuko kwenye oksijeni au la, presha ya juu, mapigo, fahamu na joto, kila kimoja unakipa alama 0 mpaka 3. Jumla ikifika 5 aonwe haraka. Ikifika 7 ni dharura. Na kipimo kimoja tu kikipata 3, usikae kimya.

Wa kwako saa 7: mapigo 118 ni alama 2. Presha 108 ni 1. Oksijeni 95 ni 1. Joto na fahamu 0. Jumla 4. Pumzi 20 ni 0, kwa hiyo unabaki na 4, hujafika kizingiti. Ila kama kweli alikuwa anapumua 22 au 24, hiyo ni alama 2, jumla 6. Yaani namba pekee ambayo hukuihesabu ndiyo iliyokuwa inaamua kama upige simu au usipige. Na mtu anayepoteza damu, pumzi zinapanda mapema.

Hesabu dakika nzima. Usimwambie unahesabu pumzi, atabadilisha. Shika kifundo cha mkono kama vile bado unapima mapigo, macho yakiwa kifuani.

MtuWaThieta

Nakubaliana, ila msimfanye mtoto wa watu aamini karatasi tupu. Mfumo huo hauna mkojo ndani, wala hauna "sista, sijisikii vizuri". Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji akikuambia hivyo, na hatulii, na ana kiu, mchukulie anavuja damu mpaka uthibitishe vingine. Kutotulia ni ubongo unaolalamika kukosa damu na oksijeni.

Na ile dawa ya maumivu sikuipenda. Si kwamba asipewe, maumivu ni lazima yatulizwe. Lakini chunguza kwanza. Morfini au pethidini kwa mtu aliyepungukiwa damu inaweza kuishusha presha, tena inamtuliza, wewe unadhani kapata nafuu kumbe anazama.

Kuhusu bandeji kavu: damu haina sababu ya kupanda juu. Ingiza mkono chini ya mgongo na kiuno, tazama shuka. Shika tumbo, linganisha na ulivyolipokea: limejaa? limekakamaa? Na hapa alivuja kwa ndani, kwa hiyo hata shuka lingekuwa kavu. Kama kuna dreni (mrija wa kutoa majimaji na damu tumboni), iliyokuwa inatoa ikanyamaza ghafla usishangilie, labda imeziba kwa damu iliyoganda. Doa likionekana kwenye bandeji, lizungushie kalamu na uandike saa.

Halafu mguse. Magoti, vidole vya miguu. Bonyeza ncha ya kidole sekunde tano, achia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili au tatu. Mikono ya baridi uliyoikuta saa 11, miguu ilikuwa ya baridi muda mrefu kabla.

Mchovu_wa_Zamu

Mnaongea vizuri sana mkiwa nyumbani. Wauguzi wawili, wagonjwa 31, dakika nzima ya pumzi kwa kila mmoja, kila nusu saa. Hebu pigeni hesabu hiyo ndipo mumshauri.

MamaWodi

Haipigiki, na hakuna aliyesema kila mmoja. Katika 31 wake, waliotoka thieta siku hiyo ni wangapi? Wawili, watatu? Hao ndio wa dakika nzima. Mimi nikishika zamu nazungukia wodi nzima kwanza, mikono mitupu, namsalimia kila mtu na kumtazama usoni. Dakika kumi, kumi na tano. Nikimaliza nawajua wanne wa kuwaangalia usiku huo, na nikiweza nawahamishia karibu na meza yangu. Anayesubiri nyuzi kutolewa kesho hahitaji presha ya saa 8 usiku, anahitaji kulala.

Upungufu wa wauguzi ni kweli, nao uandikwe kwenye ripoti ya zamu kwa idadi, kila siku.

Mchovu_wa_Zamu

Hapo sawa.

Bwana_Dripu

Niongeze kwa mleta mada: mapigo nayo yanadanganya. Mgonjwa anayetumia dawa za moyo au presha kama atenololi, propranololi au bisoprololi anaweza kuvuja na mapigo yakabaki 80, dawa imefunga breki. Soma dawa anazotumia kabla ya kusifia mapigo yake.

Sasa simu. Usianze na "daktari samahani kwa kukusumbua, kuna mgonjwa sijui vipi". Hapo umeshamruhusu alale. Mimi ningesema hivi:

"Daktari, ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Napiga kuhusu mgonjwa aliyefunguliwa tumbo jana jioni, nadhani anavuja damu ndani. Tangu saa 3 mapigo yametoka 92 hadi 118, presha imetoka 126 hadi 108 na inashuka, pumzi 24, mkojo mililita 50 kwa saa nne. Hatulii, ana kiu, miguu ya baridi, bandeji kavu. Naomba uje umwone sasa hivi. Ukiwa njiani nimuwekee kanula ya pili ya mshipani, namba 16 au 18, na nitoe damu ya kupima kundi na ulinganisho ili aongezewe?"

Sekunde thelathini. Umesema ni nani, kapitia nini, unadhani nini, unataka nini. "Nadhani anavuja" siyo kujifanya daktari. Akisema mpe dripu umwangalie, muulize: "Nimwangalie mpaka saa ngapi, na mapigo yakifika ngapi nikupigie tena?" Andika jibu lake na saa kwenye faili. Asipopokea, panda ngazi: msimamizi wa zamu, daktari aliye juu yake. Huku unangoja, usimpe maji ya kunywa hata akilia, huenda anarudi thieta.

ZamuYaUsiku

Nimenakili hiyo simu kwenye kijitabu changu. Asanteni sana, hata wewe Mchovu.

*(siku tatu baadaye)*

Wakuu, nimerudi. Jana usiku nimepokea mama aliyetolewa kibofu cha nyongo. Saa 6 mapigo 112, hatulii, pumzi 22 (nimehesabu dakika nzima!), mfuko wa mkojo hauna kitu kwa saa mbili. Presha 138/84. Nikapiga simu kama ilivyoandikwa. Daktari kaja na nywele zimesimama, kamshika tumbo, kafunua shuka, kanionyesha: mrija wa katheta umebanwa chini ya paja lake. Kuuachia tu, mililita 600 zikashuka, mapigo 88. Daktari hakusema neno. Nimeona aibu ya mwaka.

MamaWodi

Wala usione. Presha 138, imepanda badala ya kushuka, hiyo nayo ilikuwa inakuambia kitu. Siku nyingine mkojo ukikauka, fuata mrija kwa mkono kutoka kwenye mwili mpaka kwenye mfuko na ugonge chini ya kitovu uone kama kibofu cha mkojo kimejaa, kabla hujashika simu. Inachukua dakika moja.

Kanula18

Daktari alikuja lakini?

ZamuYaUsiku

Alikuja ndani ya dakika nane.