Tupeane uzoefu: Daktari alikuuliza "wapi panauma?" ukajibu nini?

Asalaam alaykum jamani. Naanza mwenyewe. Nilimpeleka bibi hospitali, hapa Unguja, akamwambia daktari, "Mwanangu, moyo unanichoma." Akawekwa waya kifuani, akapimwa moyo, mimi jasho linanitiririka. Moyo hauna kasoro! (Silaumu, mtu mzima akisema hivyo lazima apimwe.) Muuguzi mmoja wa makamo ndiye aliyesema, "Bibi, hebu nioneshe kwa kidole." Kidole kikatua juu ya kitovu, pale mbavu zinapokutana. Kumbe chembe cha moyo! Vidonda vya tumbo, na vile vidonge vya magoti alikuwa akivimeza na njaa yake.

MWANA WA WETE: Mimi nilisema "chango". Lilianza kwenye kitovu, mama akanichemshia majani, nikanywa. Kesho yake maumivu yamehamia chini kulia, hata mguu siunyooshi. Daktari alibonyeza polepole, alipoachia ghafla ndipo nilipopiga ukelele. Kidoletumbo, nikapasuliwa usiku uleule. Tatizo chango kwetu ni kila kitu: utumbo, minyoo, maumivu ya hedhi. Ukilitaja, hujasema kitu.

MUUZA NYAMA, DARAJANI: Njooni buchani mjifunze bure. Bandama, wengine mnaita wengu, la ng'ombe ni refu kama ulimi, limelalia tumbo upande wa kushoto. La mtu pia liko kushoto, chini ya mbavu. Nyongo imejibanza chini ya ini, ukiipasua kwa kisu ini lote chungu, mteja harudi tena. Kongosho, lile lililojificha nyuma ya tumbo, hakuna anayeliulizia. Juzi tu kaja msichana anasomea uuguzi, nikamuonesha, akalipiga picha kama kaona bibi harusi.

UKHTI: Na kinena je? Mimi kwa daktari mwanamme nilisema "huku chini huku" mara tatu. Akaniandikia dawa ya mgongo.

MWANA WA WETE: 😂😂 Pole ukhti.

BABA WATOTO, PEMBA: Wangu wa darasa la nne alisema "baba, nikimaliza kukojoa panawaka". Nikamwambia anywe maji. Siku ya tatu nikamfuata chooni mwenyewe: matone ya mwisho mekundu. Kichocho, kimeshika kibofu. Mtoni alikokuwa akioga nilikuwa nikimpeleka mimi.