Wana na Wajukuu wa Mvumi: Hifadhi ya Shangazi Damari Imejaa

JUMANNE

Shangazi Foibe, 19:12
Habari za jioni, ndugu zangu wote. Naomba kila mmoja asome ujumbe huu mpaka mwisho, kwa sababu jambo lenyewe lina tarehe. Dada Damari anabadilisha simu Jumamosi hii, kwa kuwa ile ya zamani kioo kimepasuka na betri haifiki mchana. Eliya alipoitazama Jumapili alikuta kwamba nakala rudufu ya WhatsApp, yaani nakala ya akiba inayowekwa Google, haijafanyika tangu mwezi wa tatu, kwani akaunti yake ya Google imejaa. Mnajua kilichomo ndani ya simu ile. Humo ndimo zilimo sauti za Mzee, zote alizomtumia Damari akiwa wodini mpaka wiki yake ya mwisho. Tukihamia simu mpya bila kurekebisha hili, sauti hizo zitabaki ndani ya simu ambayo siku yoyote inaweza kugoma kuwaka. Nataka tukubaliane kabla ya Ijumaa.

Shangazi Foibe, 19:40
Naona wengi mmeshasoma. Naomba majibu, hata ya neno moja.

Rehema (Singida), 20:31
Shikamoo Shangazi. Nimesoma, nitarudi nikishamlaza mtoto.

Baba Mdogo Sospeter, 20:44
Dada Foibe, jambo hili lisikunyime usingizi. Nimeshamnunulia Damari memori kadi ya GB 64 pale Majengo, na Jumamosi nitamwekea mwenyewe. Nafasi itakuwa tele.

Shangazi Foibe, 20:47
Ahsante kwa moyo huo, Sospeter, lakini kadi huongeza nafasi ndani ya simu, na kilichojaa siyo simu. Eliya, uko wapi? Waeleze baba zako kama ulivyonieleza mimi.

Shangazi Foibe, 21:20
Eliya.

Eliya, 21:58
Shikamooni wazazi wangu. Nilikuwa kwenye majadiliano hapa chuoni na simu ilikuwa kimya. Simu ya Shangazi ina nafasi yake, na akaunti ya Google ina nafasi nyingine kabisa, ambayo ni GB 15 za bure zinazotumiwa kwa pamoja na Gmail, Google Drive na Google Photos. Nimeifungua akaunti yake na kukuta imeshatumia GB 14.8. Picha na video zilizomo Google Photos zimechukua 6.1, barua pepe 1.0, mafaili ya Drive 0.3, na nakala rudufu ya WhatsApp peke yake imechukua 7.4. Kwa hiyo karibu nusu ya hifadhi yote imeliwa na WhatsApp, na nafasi iliyobaki haitoshi kupokea nakala mpya. Kadi ya Baba Mdogo haiwezi kubadilisha chochote katika hesabu hiyo, ingawa itafaa kwa kazi nyingine nitakayoieleza.

Rehema (Singida), 22:15
Nimerudi. Eliya, mbona zamani simu zetu zilihifadhi kila kitu miaka nenda rudi na hatukuwahi kusikia habari ya kujaa? Mimi mwenyewe sijabadilisha chochote.

Eliya, 22:26
Hukubadilisha wewe, dada, walibadilisha wao. Picha zilizohifadhiwa Google Photos kwa ubora uliopunguzwa kidogo zilikuwa hazihesabiwi, lakini kila iliyopakiwa kuanzia tarehe 1 Juni 2021 inahesabiwa. Nakala rudufu za WhatsApp kwa simu za Android nazo zilikuwa bure nje ya hesabu, mpaka utaratibu mpya ulipoanza kwa wachache mwishoni mwa 2023 na kutufikia sisi wengine mwaka 2024. Ndiyo maana watu wengi wanaona hifadhi imejaa ghafla, ingawa vitu vyenyewe ni vya miaka mingi.

Rehema (Singida), 22:29
Basi nimeelewa kwa nini barua pepe za ule usaili hazikunifikia. Akaunti ikijaa, hata Gmail inakataa kupokea, sivyo?

Eliya, 22:30
Ndivyo, inakataa, na aliyekuandikia hurudishiwa barua yake.

Shangazi Foibe, 22:33
Rehema, pole sana, lakini hilo tutalizungumza siku nyingine. Eliya, sasa ingia ndani ya hizo 7.4 na uwaambie ndugu zako kilicho kizito.

Eliya, 22:51
Ndani ya WhatsApp, kwenye Mipangilio, ipo sehemu ya hifadhi na data inayopanga soga zote kuanzia ile nzito. Kwa Shangazi Damari, inayoongoza ni kikundi chetu hiki chenye GB 3.1, kinafuata cha kwaya chenye GB 2.2. Nikikifungua chetu nakuta video tupu. Ile moja ya harusi ya Tumaini ina MB 62, nayo imo mara tatu, kwa sababu watu watatu waliipakia kila mmoja kutoka kwenye simu yake. Zaidi ya hapo, simu ya Shangazi imewekwa hivi kwamba folda ya video za WhatsApp inapelekwa pia Google Photos, kwa hiyo video ileile inahesabiwa ndani ya nakala ya WhatsApp na kuhesabiwa tena kwenye picha.
Sasa naomba mnisikilize hapa. Ujumbe wa sauti wa Babu wenye dakika mbili una KB 290 tu. Nimezikadiria zote zilizomo kwenye soga yake na Shangazi, hazifiki MB 30. Sauti zote za Babu pamoja ni nyepesi kuliko nusu ya nakala moja ya video ya harusi. Na sauti hizo hazimo Google Photos hata kidogo, kwani kule huenda picha na video peke yake. Zimo ndani ya simu, na ndani ya nakala ya WhatsApp ya mwezi wa tatu, basi.

Amosi, 22:54
Video ya harusi ipi? Ni ile Baba Mdogo Sospeter alipomwinua mama mkwe kucheza naye?

Baba Mdogo Sospeter, 22:56
Hiyo isiguswe! Ndiyo siku pekee niliyovaa suti kamili, na wajukuu watataka ushahidi.

Mama Tumaini, 22:58
Na kiatu kimoja kilibaki chini ya meza ya keki! Amosi, hebu itume tena tuione.

Shangazi Foibe, 23:01
Amosi, usiitume. Ukiituma itakuwa nakala ya nne kwenye simu ya Damari, na sisi sote humu tutabeba mzigo huohuo. Jamani, tunazungumzia sauti za Mzee.

Mama Tumaini, 23:09
Sawa, wifi yangu, basi nami niseme lililo rohoni. Simu hiyo isipelekwe kwa fundi yeyote, hata awe rafiki wa nani. Simu ya Mzee nayo ilisemekana imejaa, ikapelekwa mjini kwa fundi, ikarudi nyeupe kama imetoka dukani. Picha za mazishi ya Mama zilikwenda hivyo, na mpaka leo hakuna aliyetuambia ni nani aliyetoa ruhusa ya kufuta.

Baba Mdogo Sospeter, 23:14
Shemeji, suala hilo lilizungumzwa sebuleni kwa Kaka Yeremia mbele ya watu wote, likafungwa. Sioni kwa nini lifufuliwe usiku huu.

Mama Tumaini, 23:15
Lilifungwa na waliokuwepo.

Shangazi Foibe, 23:20
Naomba tulale. Kesho nitaleta pendekezo.

JUMATANO

Baba Mkubwa Yeremia, 05:52
Nimesoma yote. Sauti ya baba yangu isifutwe na mtu yeyote, wala kitu kingine kisifutwe katika simu ile kabla sisi watoto wake hatujaketi pamoja. Tutaketi Mvumi baada ya ibada, Jumapili ijayo. Nimemaliza.

Mama Tumaini, 06:30
Tumesikia, Baba.

Amosi, 07:02
Tumesikia, Baba Mkubwa.

Shangazi Foibe, 12:18
Shikamoo Kaka. Neno lako tumelipokea kwa heshima zote. Naomba tu kuuliza, kwa sababu Jumapili itakuwa imeshapita Jumamosi ya simu mpya, na kwa kuwa simu ile juzi ilizima mara mbili Damari akiwa ameishika mkononi: je, tunaruhusiwa kunakili? Hatutafuta hata herufi moja. Eliya ataunganisha simu na kompyuta kwa waya, atachukua folda ya sauti za WhatsApp nzima kama ilivyo, ataiweka kwenye kompyuta na nakala ya pili kwenye ile kadi aliyonunua Sospeter. Haihitaji nafasi ya Google, haihitaji fundi.

Amosi, 12:40
Shangazi, na kwa zile picha, si nifungue tu Google Photos nifute za maua na salamu za asubuhi? Zipo mamia, na picha yenyewe inabaki kwenye simu.

Eliya, 13:05
Amosi, usifanye hivyo, kaka. Ukifuta ndani ya Google Photos picha iliyohifadhiwa, inaondoka mtandaoni na kwenye simu pia. Inakaa kwenye kapu la taka kwa siku 60, kisha haipo tena. Kile kitufe cha kuongeza nafasi kwenye kifaa ndicho kinachoondoa za kwenye simu peke yake na kuziacha za mtandaoni, kwa hiyo nacho hakipunguzi chochote katika zile GB 15. Watu huchanganya mambo haya mawili na ndipo hasara hutokea. Na Baba Mkubwa ameshasema tusifute.
Lipo jambo moja ambalo halifuti kitu kwenye simu. Kwenye mpangilio wa nakala rudufu za WhatsApp kuna mahali pa kujumuisha video. Tukipazima, nakala mpya itabeba maandishi, picha na sauti, na kuziacha video ndani ya simu. Kwa jinsi video zilivyo nyingi, naamini nakala itapungua sana, ingawa mpaka ipite tutahitaji nafasi kidogo, kwa mfano kwa kuhamisha yale mafaili ya Drive. Ila video zitakazoachwa hazitakuwa na nakala mtandaoni, hivyo nisingependa kuamua peke yangu.

Rehema (Singida), 14:47
Kwani WhatsApp haina njia ya kuhamisha soga moja kwa moja kutoka simu moja kwenda nyingine bila kupitia Google? Mwenzangu kazini alifanya hivyo.

Eliya, 15:10
Ipo, na ni nzuri sana kwa Android kwenda Android. Lakini simu ya zamani ndiyo inayotakiwa kusoma msimbo unaoonekana kwenye simu mpya, na kamera ya nyuma ya Shangazi ilivunjika wakati wa mavuno ya zabibu. Tunaweza kujaribu, ila nisingeifanya kuwa tegemeo letu la pekee.

Shangazi Damari, 16:33
Ahsanteni wanangu. Mimi video chukueni mnavyotaka. Naomba tu nisiikose ile sauti ya alfajiri Mzee anaponiuliza kama mbuzi wa Chilonwa wamerudi wote. Huwa naisikiliza kila nikiamka.

Shangazi Foibe, 16:41
Hutaikosa, Dada. Hiyo ndiyo ya kwanza kunakiliwa.
Ndugu zangu, pendekezo langu la pili ni kwamba tununue hifadhi ya GB 100 ya kulipia kila mwezi, kwani mwenye kulipa anaweza kuwashirikisha watu wengine watano wa familia, na kila mmoja akabaki na akaunti yake bila wenzake kuona vitu vyake. Tukichangia kidogokidogo, wazee wote wa Mvumi watakuwa salama. Naomba ahadi zenu hapa chini.

Shangazi Foibe, 18:55
Bado nasubiri ahadi.

Mama Tumaini, 19:20
Mimi nitachangia siku nitakaposomewa hesabu ya kisima.

Baba Mdogo Sospeter, 19:22
Na mimi nitachangia baada ya Mama Tumaini.

Shangazi Foibe, 19:31
Kisima kina kitabu chake, na kitabu kipo kwa mweka hazina. Tusikubali sauti za baba yetu zipotee kwa ajili ya kisima. Hizo fedha za GB 100 tuziweke pembeni kwa sasa, lakini kunakili hakumgharimu mtu chochote isipokuwa nauli ya Eliya, na hiyo nitaitoa mimi.

ALHAMISI

Baba Mkubwa Yeremia, 06:04
Kunakili nimekubali. Kufuta sijakubali. Hilo la video na la malipo litasubiri Jumapili. Na kijana asiende peke yake, aende na mtu mzima atakayeshuhudia.

Shangazi Foibe, 06:10
Ahsante sana, Kaka. Mungu akubariki.
Eliya, Jumamosi saa tatu asubuhi uwe Mvumi na kompyuta na waya. Dada Damari, uichaji simu usiku kucha na usimruhusu mtoto kuigusa. Simu mpya isifunguliwe WhatsApp mpaka Eliya afike, kwa sababu ukisajili namba kule, simu ya zamani itatolewa kwenye akaunti.

Eliya, 08:45
Shangazi, Jumamosi asubuhi nina mtihani mpaka saa sita. Naweza kwenda Ijumaa jioni nikitoka darasani, endapo kuna mwenye gari, kwani muda huo nitakuwa nimechelewa magari ya abiria.

Mama Tumaini, 09:12
Mtu mzima atakayeshuhudia ni nani?

Shangazi Foibe, 09:15
Nilimfikiria Sospeter, kwa kuwa gari analo na kadi iko kwake.

Mama Tumaini, 09:16
Haya.

Rehema (Singida), 11:50
Mimi ningekuja, lakini siwezi kufika kabla ya Jumamosi mchana. Eliya, hata ukichelewa, zima ile folda ya video isiendelee kupelekwa Google Photos. Hapo hufuti chochote.

Eliya, 12:02
Hilo nitalifanya, ila kwanza nipate kibali cha Baba Mkubwa, maana ni kubadilisha mpangilio wa simu.

Shangazi Foibe, 17:26
Kaka Yeremia, kibali cha kuzima folda tunakiomba. Sospeter, naona umesoma tangu saa sita. Gari kesho jioni lipo au halipo?