Klipu za siku ya kwanza zimefunikwa na za siku ya pili. Zinaweza kurudi? Na nyie mnapangaje faili zenu?

Dada_Nuru

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa haraka, halafu ushauri wa muda mrefu, maana nimegundua sina utaratibu kabisa.

Nahariri filamu fupi ya mzee mmoja fundi saa. Nimerekodi siku mbili, 4K, kamera inaandika megabiti 100 kwa sekunde. Siku ya kwanza nilitumia kadi moja ya GB 64, nikatoka na klipu 14, kama dakika 80. Usiku nikazinakili kwenye kompyuta, folda nikaiita VIDEO, nikaanza kukata humohumo. Siku ya pili nikaweka kadi nyingine. Ilipojaa ilikuwa na klipu 17, na mzee ndiyo kwanza anafunguka. Nikaifomati ile ya jana, kwa kuwa nilishainakili, nikarekodi dakika 35 za mwisho.

Niliporudi nikachomeka kadi ya pili, nikachagua zote, nikaziburuta kwenye VIDEO. Kompyuta ikauliza kama ibadilishe faili zenye majina yaleyale. Nilikuwa nimechoka, nikabonyeza ndiyo. Kamera yangu huanza upya na C0001 kila kadi ikifomatiwa. Kwa hiyo klipu zote 14 za siku ya kwanza zimefunikwa.

Kilichoniumiza ni kwamba mradi haukulalamika hata kidogo. Nilitegemea kuona alama nyekundu za faili zilizopotea kila mahali. Badala yake taimulaini, pale ninapopanga vipande vya filamu, imefunguka kama kawaida, na pale mzee alipoinamia saa ya marehemu mkewe, kibano mkononi, sasa kuna mlango wa karakana na mtoto anapita. Sauti niliirekodi kwa kinasa cha pembeni, kwa hiyo mzee bado anaongea, ila picha ni ya mlango.

Je, zinaweza kurudi? Na la pili: diski ya ndani ni GB 512, imebaki GB 11 tu. Nyie mnafanyaje?

---

Mkasi_wa_Usiku

Pole sana dada. La pili lisubiri kwanza.

Ile kadi uliyoifomati ndiyo tegemeo lako. Itoe kwenye kamera sasa hivi. Kama ina kile kitufe kidogo cha pembeni cha kuzuia kuandika, kisukume. Kamera nyingi zikifomati kadi hazifuti video zenyewe. Zinafuta orodha tu, kisha zinaandika juu ya zilizopo, kwa kawaida kuanzia mwanzo wa kadi. Sasa piga hesabu: megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5. Dakika moja ni MB 750, saa nzima GB 45. Dakika zako 35 zimekula GB 26 hivi. Siku ya kwanza ulikuwa umeandika GB 60. Kwa hiyo huenda GB 34 bado zimelala humo, na ni zile za kuelekea mwisho wa siku.

Anza kwa kunakili zile dakika 35 mpya kwenye folda yake peke yake, usizitupe VIDEO. Halafu pakua PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa. Ni ya bure, sura yake ni maandishi meupe kwenye dirisha jeusi, usiogope. Ielekeze kwenye kadi, na inachokiokoa ikiweke kwenye diski nyingine. Kamwe kisirudi kwenye kadi ileile. Itakupa majina ya ajabu, herufi f na namba ndefu. Majina tutayashughulikia baadaye.

Zile zilizofunikwa kwenye kompyuta sikupi matumaini ya uongo. Kama diski yako ya ndani ni SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka, mfumo huiarifu nafasi ipi imeachwa wazi, na diski huisafisha yenyewe. Nguvu zako zote peleka kwenye kadi.

---

Dada_Nuru

Nimeitoa kaka. Zile 35 nimezinakili. PhotoRec inasoma sasa, nimeweka mikono chini, sigusi kitu.

---

Rangi_na_Sauti

Wakati inasoma, mimi niongelee hiyo diski iliyojaa.

Dada, kabla hujafuta video hata moja, tafuta folda ya kache, yaani faili za muda, ya programu yako. Kila unapoingiza klipu, programu hutengeneza mawimbi ya sauti, vipande vya kurenda na faili nyingine za kurahisisha kazi, na hazijifuti mradi ukiisha. Mwezi uliopita nilimsaidia rafiki aliyekuwa anataka kununua kompyuta mpya. Kache ya miradi ya miaka miwili ilikuwa GB 140. Tuliifuta yote, programu ikajitengenezea upya alichokihitaji kwa mradi uliokuwa wazi, basi. Futa kwa kutumia menyu ya programu yenyewe, usiingie kufuta kwa mkono usichokijua.

Pia usihamie kugeuza kila kitu kuwa ProRes, aina ya faili za video zilizo rahisi kuhariri, eti ili kompyuta isikwame. Nimeona watu wengi wanajaza diski hivyo. ProRes 422 ya 4K kwa fremu 29.97 za kila sekunde ni megabiti 589 kwa sekunde, yaani saa moja inakula GB 265, wakati klipu zako za asili ni GB 45. Ubora hauongezeki, kinachoongezeka ni uzito. Unachotaka ni proksi. Nakala ndogo za 1080, ProRes Proxy, ni megabiti 45 tu kwa sekunde, GB 20 kwa saa. Unakata kwa hizo, na siku ya kutoa filamu programu inarudi kwenye klipu za asili. Proksi zikipotea huna cha kulilia, unazitengeneza tena.

Na ujue kinachokwamisha taimulaini mara nyingi si diski. MB 12.5 kwa sekunde hata diski ya kuzunguka inaimudu. Kazi ngumu ni kufumbua picha: kwenye H.264, namna ya kubana video, fremu nyingi hazijitegemei, kompyuta lazima isome za jirani ndipo ijenge hiyo moja unayoitazama.

---

Mkasi_wa_Usiku

Nakubaliana na Rangi, isipokuwa kwenye hilo la diski ya kuzunguka. Inaimudu klipu moja. Ukiweka kamera tatu kwa mpigo, kichwa cha diski kinarukaruka huku na huku kutafuta data, na hapo inakwama kweli. Mimi kazi inayoendelea iko kwenye SSD ya nje, diski za kuzunguka ni za nakala.

Sasa utaratibu wangu, dada.

Mimi sinakili klipu. Nanakili kadi. Ukifungua kadi ya kamera kama yako utakuta folda ya PRIVATE, ndani yake M4ROOT, ndani yake CLIP, na kila C0001.MP4 ina mwenzake C0001M01.XML, faili ya maelezo yake. Wengi huchota MP4 na kuacha vingine. Mimi nachukua kadi nzima ilivyo, sihamishi wala sibadili jina la kitu ndani yake, naiweka kwenye folda ambayo jina lake haliwezi kujirudia: 2025-03-14_KamA_Kadi02. Mwaka unatangulia ili folda zijipange zenyewe kwa tarehe. Humo C0001 ziwe hata 20 kwenye mradi mmoja, hakuna itakayoigusa nyingine. Kilichokuponza si uchovu dada, ni folda moja kupokea kadi mbili.

Ila folda peke yake haitoshi, kwa sababu programu ikipoteza njia ya faili hutafuta kwa jina, na ikikutana na C0001 kumi inaweza kukuunganishia isiyo yenyewe. Kwa mzee na mlango programu ilikuta jina lilelile mahali palepale, ikaridhika. Ingia menyu ya kamera, tafuta mpangilio wa namba za faili, uweke ziendelee badala ya kuanza upya. Karibu kamera zote zinao.

Na usikate na kubandika kutoka kwenye kadi. Usifanye hivyo hata siku moja. Miaka sita iliyopita nilifanya hivyo nikiwa na haraka, waya wa kisoma kadi ukalegea katikati. Klipu tisa zilishahama. Ya kumi ilionyesha jina lake na ukubwa wake wote, lakini haikucheza, na kwenye kadi haikuwepo tena. Ilikuwa ya mama aliyesafiri siku nzima kuja kuongea nami habari za mwanawe. Sikuwa na uso wa kumwomba aanze upya. Bado naikumbuka sauti yake akiniuliza kama nimeshaitazama.

Tangu hapo ninanakili kadi mara mbili, kwenye diski mbili tofauti, na mara zote mbili natoa kwenye kadi yenyewe. Nikinakili ya pili kutoka kwenye ya kwanza, na ya kwanza ina kasoro, nimezaa kasoro mbili. Halafu nahakiki. Idadi ya faili, jumla ya baiti, kisha programu ndogo ya kulinganisha cheksamu, ambayo inasoma kila faili mwanzo hadi mwisho na kutoa namba. Namba zikilingana, nakala ni sawa na ya asili. Bado nafungua klipu kadhaa na kuzitazama kwa macho, mwanzo, katikati na mwisho. Kadi inakaa bila kufomatiwa mpaka asubuhi ya kazi inayofuata, na naifomati kwenye kamera, siifomati kwenye kompyuta. Ndiyo, inamaanisha kuwa na kadi nyingi. Kama una nafasi ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, nunua kadi kabla ya lenzi.

Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeueneza ule utaratibu unaoitwa 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja iwe mahali pengine kabisa. Mimi ya tatu inakaa kwa dada yangu, kwenye kabati lake la vitabu. Diski zilizoungwa kwa RAID, yaani zifanye kazi kama moja, zinakulinda diski moja ikifa, lakini ukifuta faili imefutika kotekote, kwa hiyo hiyo usiihesabu kuwa nakala. Vivyo hivyo programu za kusawazisha folda mbili: ukifunika huku, inafunika na kule.

---

Fundi_wa_Miradi

Naongeza dogo tu, maana limenipata. Kama programu yako ya kuhariri ni DaVinci Resolve, mradi wenyewe kwa kawaida hauko kwenye folda ya video. Uko kwenye hifadhidata ya programu, kwenye diski ya ndani. Nilinakili folda nzima ya kazi kwenye diski ya nje, nikasafisha kompyuta na kuweka mfumo upya, nikarudi nina klipu zote na sina hata mkato mmoja. Wiki tatu za kazi. Sasa kila jioni natoa mradi kama faili ya .drp na kuiweka pamoja na video, jina lina tarehe.

Na ukitumia Windows na diski ya nje, ipe herufi ya mbali, kwa mfano V, kupitia Disk Management. Leo ikiwa E na kesho F kwa sababu ulitangulia kuchomeka kitu kingine, klipu zote zinageuka nyekundu, na mtu anaingia hofu bure wakati hakuna kilichopotea.

---

Dada_Nuru

Wakuu, nimerudi.

PhotoRec imenipa faili 7 za siku ya kwanza zinazocheza vizuri. Nilizilinganisha na maelezo niliyoandika kwenye daftari wakati wa kurekodi: ni ya 8 hadi ya 14. Saba za mwanzo zimekwenda. Kaka Mkasi, hesabu yako imelingana kabisa.

Nimezitafuta moja moja usiku kucha. Saa ya mkewe ilikuwa klipu ya 11. Ipo. Ipo yote, mpaka pale anapoinua kifuniko cha nyuma na kunyamaza, sekunde 22 bila neno, unasikia tu saa nyingine ukutani. Nililia.

Kilichopotea ni karakana inavyofunguliwa asubuhi, zana zake mezani, na mahojiano ya mwanzo kuhusu jinsi alivyojifunza kazi. Sauti ya mahojiano ninayo kwenye kinasa. Nimempigia mzee nikamweleza ukweli wote. Akaniambia asubuhi zipo nyingi, njoo Jumamosi.

Swali la mwisho kaka: hizi saba zenye majina ya f na namba, nizibadilishe majina kwanza au niziunganishe kwanza na mradi?

---

Mkasi_wa_Usiku

Nimefurahi mno dada. Badilisha majina kwanza, kabla programu haijaziona. Ila usizirudishie C0008 hadi C0014, maana kwenye VIDEO zipo tayari zenye majina hayo, za siku ya pili. Ziite S1_C0008 na kuendelea, uziweke kwenye folda yao, unakili folda hiyo kwenye diski mbili, ndipo uziunganishe moja moja kwa mkono. Usiruhusu programu itafute yenyewe.

Na klipu 17 za siku ya pili, zitoe VIDEO leo uzipe folda yao. Ile kadi ya pili bado hujaifomati, sivyo?

---

Dada_Nuru

Sijaifomati. Iko mezani mbele yangu, nimeibandikia karatasi yenye tarehe. Kwa Jumamosi nimeazima mbili nyingine.