Kilimanjaro ilikuwa zawadi ya Malkia, au tunadanganya watoto?

Mleta mada, Kibokoni

Assalam aleikum wana baraza. Mjukuu wangu juzi alirudi na kazi ya nyumbani: kwa nini mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda penye Kilimanjaro? Jibu walilopewa darasani ni lile lile nililopewa mimi miaka hamsini nyuma, kwamba Malkia Victoria alikuwa na milima miwili, mjukuu wake Kaiser Wilhelm hana hata mmoja, basi bibi akampa mmoja siku ya kuzaliwa kwake. Madereva wa watalii nao huwapa wageni hadithi hiyo hiyo njia nzima ya Voi. Mimi nasema tuiache. Kama nimekosea, nisahihisheni.

Tuanze na tarehe. Mstari huo ulitoka katika barua walizopelekeana Waingereza na Wajerumani, zikakamilika tarehe 1 Novemba 1886. Upande mmoja Lord Iddesleigh, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Upande wa pili Hatzfeldt, balozi wa Ujerumani mjini London. Kaiser wa wakati ule alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89. Huyo mjukuu wa Malkia alikikalia kiti Juni 1888, na kuzaliwa kwake ni mwezi wa Januari. Zawadi gani hii inafika kabla ya sherehe, tena kwa mtu ambaye hajatawala?

Kilichokuwepo ni mbio za makaratasi. 1884 Mwingereza Harry Johnston alipanda Kilimanjaro kwa jina la kukusanya mimea na ndege, akarudi na hati za ardhi ya Taveta. 1885 Sultani Barghash wa Unguja akamtuma Jenerali Mathews, Mwingereza mkuu wa jeshi lake, Uchaggani, wakuu wa huko wakakubali bendera ya Sultani. Mathews hajapoa miguu, akaingia Mjerumani, Jühlke, na Mandara, mkuu wa Wachagga wa Moshi, aliyekwisha kuwa mtu wa Sultani, akatia mkono karatasi ya pili. (Msimcheke. Mtu aliyezungukwa na wageni wenye bunduki hutia mkono chochote kinachomnunulia siku mbili tatu.)

Basi mlima mmoja, makaratasi ya watu watatu. Walipokaa kugawana, Taveta ikamfuata Johnston, Uchagga ukamfuata Jühlke, na hati za Mathews zikawekwa kando kama karatasi za kufungia bajia. Hebu sikizeni mstari wenyewe ulivyopangwa: uanzie kinywani mwa mto Umba, upande huu wa Vanga, uende ziwa Jipe, ulipite kwa mashariki na uzunguke kaskazini yake, uvuke mto Lumi, upite kati ya Taveta na Uchagga, uambae chini ya mlima upande wa kaskazini, kisha unyooke hadi ziwa Victoria penye digrii 1 kusini. Kombo lenu ndilo hilo. Limeandikwa jina la Taveta, hapana keki wala mishumaa.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Mapatano hayo hayo ndiyo yaliyompimia Sultani ukanda wa maili 10 za baharini kwenda bara, kutoka ghuba ya Tungi hadi Kipini. Mwambao wetu na kombo la Kilimanjaro ni ndugu wa kalamu moja. Hadithi ya bibi na mjukuu yageuza unyang'anyi kuwa mambo ya familia.

Wa Likoni

Mzee wangu, umesahau rula. Chukua ramani, uweke rula juu ya ule mstari unaotoka ziwa Victoria, uupitishe moja kwa moja bila kupinda. Unajua unatokea wapi baharini? Hapa hapa Mombasa, kusini kidogo ya feri. Nimejaribu kwa atlasi ya mwanangu. Bila kombo lile mimi ningezaliwa Mjerumani na wewe ng'ambo Mwingereza, tungevuka feri kwa pasipoti! Kwa hivyo msiseme Taveta tu. Mwingereza alikuwa aikinga bandari ya Mombasa isiwe na Mjerumani mlangoni.

Mleta mada, Kibokoni

Hilo la rula nalikubali, na limenichekesha. Ila lisinyooshwe kupita kiasi. Mstari haukuchorwa kwanza ukanyooka kisha ukapindwa, ulianzia Umba. Bandari ilikuwa na uzito, lakini kipande kile cha Jipe na Lumi huwezi kukieleza kwa bandari.

Mwalimu mstaafu, Tudor

Nimefundisha historia, na nakiri nimeisimulia zawadi hiyo mara nyingi. Nitaitetea kidogo. Kwanza, mtoto haisahau. Pili, ina kejeli ndani yake: yawaonyesha wakubwa wa Ulaya wakipeana nchi za watu kama halua. Mwanafunzi akikumbuka hiyo kejeli, nusu ya somo amelipata. Tatu, Wajerumani wenyewe waliufanya mlima mali ya Kaiser. Hans Meyer alipofika kileleni 1889 alikipa jina la Kaiser Wilhelm. Hadithi haikuzuka hewani.

Mleta mada, Kibokoni

Mwalimu, nakuheshimu, lakini 1889 ni miaka mitatu baadaye. Aliyepewa jina la kilele si lazima awe ndiye aliyepewa mlima.

Wa Kuze

Mimi nashangaa machozi haya kwa ajili ya Sultani. Bwana mleta mada, hati za Mathews zilikuwa na tofauti gani na za Jühlke? Naye alikwenda na askari, akasimamisha bendera, akaondoka. Mchagga alikuwa na deni gani kwa Unguja? Sultani alicheza mchezo ule ule, tofauti ni kwamba hakuwa na manowari. Agosti 1885 Wajerumani walitia nanga mbele ya kasri yake, na Barghash akasalimu amri. Kisha ikaja tume ya kupima mipaka yake: Kitchener wa Uingereza, Schmidt wa Ujerumani, Patrimonio wa Ufaransa. Mwenye nchi hakupewa kiti. Inauma, naam. Lakini kunyang'anywa hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki.

Mtaveta, naishi Mikindani

Nimesoma hadi hapa nikingoja mtu aulize habari za Wataveta. Wapi!

Misafara ya kutoka Mombasa na Pangani ilipumzika msituni kwetu kabla hajaja Mzungu yeyote na karatasi. Wapagazi walikula ndizi zetu, wakauza shanga na nguo, wengine wakaoa. Huyo Johnston alipata ardhi ya watu waliozoea kupokea wageni, akaenda kuitoa London kama ushahidi. Hakuna mzee wa kwetu aliyeulizwa kama anataka mstari kati yake na Wachagga tuliokuwa tukiuziana siku zote.

Na mnaosema mpaka ulikuwa mapatano ya waungwana: Agosti 1914 Wajerumani walivuka wakaichukua Taveta, wakakaa hadi Machi 1916. Kilima cha Salaita kiko pale, ukipita barabara ya Voi waweza kukiona. Makaburu walipigwa pale Februari 1916. Waliochora mstari hawakuuheshimu hata miaka thelathini. Sisi ndio tunaoambiwa tuuheshimu milele, na kumwona shangazi Holili, upande wa Tanzania, ni lazima upite dirisha la uhamiaji.

Wa Likoni

Ndugu wa Taveta, pole. Lakini wataka nini, uchorwe upya?

Mtaveta, naishi Mikindani

Sijasema hivyo. Najua la Cairo 1964, wakuu wa Afrika walipoamua mipaka iliyokutwa siku ya uhuru ibaki kama ilivyo. Nyerere ndiye aliyelisukuma. (Rahisi kwake, mlima ulikuwa upande wake.) Somalia na Moroko walikataa, na sina hamu ya kuona Taveta ikipitia yaliyowafika watu wa mipaka yao. Nataka tu habari hii ikisimuliwa, kwetu patajwe. Hata wewe mleta mada umepataja kama jina la karatasi.

Mleta mada, Kibokoni

Umenikamata, na wa Kuze pia kanikamata. Nilipoandika "unyang'anyi" nilikuwa nikimfikiria Barghash peke yake. Nafuta hapo, niandike watu wa Taveta na Uchagga kwanza, Sultani baadaye.

Kuhusu mjukuu: nilimsaidia, akaandika ukurasa mzima, Johnston, Mathews, Mandara na mto Lumi. Daftari limerudi leo. Alama sifuri, na kwa wino mwekundu pembeni: "Jibu ni zawadi." Mwalimu wa Tudor, wewe wajua lugha za walimu wenzio. Nimwandikie barua, au niende mwenyewe na ramani?