Mashua ikifumuka kilindini: jaketi za kuokolea na redio zitoke fungu la nani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Jambo hili ninalo tangu kaskazi iliyopita, leo nalimwaga hapa.

Tulitoka Tanga, diko (bandari ya wavuvi) la Deep Sea, watu tisa ndani ya mashua ya mbao, tukifuata jodari Mkondo wa Pemba. Saa nane usiku kijana aliyekuwa zamu ya kufua maji akasema, "Kaka, hayapungui." Mashua ya mbao kuvuja ni kawaida: unafua, unalala, unafua tena. Haya yalikuwa yanapanda na upo, chombo cha kufulia maji, haujapumzika. Tulipoinua mbao za chini tukakuta ubao wa pili kutoka kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo) umeachia taruma, zile mbavu za mashua. Misumari imeliwa na kutu, kalafati, pamba ya kuzibia nafasi za mbao, imetoka. Kila wimbi lilipoinua omo, yaani sehemu ya mbele, ubao ule ulifunguka kama shavu la samaki.

Tuliziba kwa fulana, kanga na kipande cha godoro, mtu akawa amekanyagia kwa miguu miwili mpaka kukapambazuka. Simu zilikuwa tano, mnara hakuna. Jaketi mbili kwa watu tisa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuivaa. Tuliokolewa na Wapemba waliokuwa wanarudi kwao, wakaona shati tulilofunga kwenye upondo, mti wa kusukumia chombo. Pesa walikataa, mafuta wakapokea. Ingekuwa mvua imefunga, nisingekuwa naandika haya.

Tangu siku hiyo dikoni ni ubishi tu. Wengine wanataka mashua za mbao zipigwe marufuku kuvuka, ziende boti za faiba peke yake. Wengine wanasema kila mtu na siku yake. Mimi sipo kwao wala kwa hao. Mimi naangalia mgao.

Samaki wakiuzwa, kwanza yanatolewa matumizi: mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki nusu inakwenda kwa tajiri, mwenye chombo, kwa ajili ya chombo, mashine na nyavu, nusu ya pili tunagawana mabaharia. Tajiri akinunua jaketi, anaziandika kwenye matumizi. Maana yake baharia amelipia nusu ya kitu ambacho si chake, siku akihama chombo anaondoka mikono mitupu. Halafu watu wanashangaa kwa nini mabaharia hawazidai! Msimamo wangu: jaketi, redio na kifaa cha kuita msaada ni sehemu ya chombo kama mkuku ulivyo, zilipwe na fungu la chombo. Mashua isiyo nazo isipewe leseni. Nipingeni.

Fundi, Unguja

Ndugu yangu, pole kwa yaliyokukuta, ila ubao usiuonee. Ubao hauachii usiku mmoja. Chombo cha mbao kinataka kupandishwa pwani, kipigwe moto wa makuti kuua wale wadudu wanaotoboa, kikalafatiwe upya kwa pamba na mafuta, misumari iliyolika ing'olewe. Babu zetu walifanya hivyo bila kusukumwa. Siku hizi tajiri anaona kila siku chombo kikikaa mchangani ni hasara, ananiita mimi ubao ukishaoza.

Na lipo jingine hamlisemi. Mashua ile imeundwa kwa tanga. Tanga linavuta chombo pole, kinapanda wimbi na kushuka nalo. Nyinyi mmefunga mashine ya nguvu ya farasi 40 kwenye tezi, huko nyuma, mnakimbilia soko, omo inapigwa wimbi baada ya wimbi. Nani kasema taruma zile zilichongwa kwa kazi hiyo?

Tajiri mmoja

Mnatusema matajiri kama vile tumeokota pesa. Nina mashua mbili na mkopo mmoja. Mwaka juzi nilinunua jaketi kumi kwa pesa yangu, sikuandika popote. Baada ya miezi mitatu zilibaki nne. Moja niliikuta imekuwa mto wa nahodha, nyingine imekatwa sponji yake ikafanywa maboya ya nyavu. Haya, fungu la chombo limelipa. Zilizopotea analipa nani?

Mchangiaji wa Mombasa

Nimefanya kazi kwenye meli, niseme mawili matatu.

Hao wanaodhani faiba au chuma ndiyo dawa, wasome habari za Alaska Ranger. Meli ya uvuvi, ya chuma tupu, ilizama Bahari ya Bering tarehe 23 Machi 2008 ikiwa na watu 47. Maji yaliingilia nyuma, kwenye chumba cha usukani wa majini (ule unaogeuza meli), na wachunguzi wa Marekani waliona kuwa huenda usukani wenyewe ulichomoka. Yakatoka chumba hadi chumba kwa sababu meli haikuwa imezibwa sawasawa ndani. Tofauti na mashua yako ni ukubwa tu: tundu, na hakuna kinachoyazuia maji yasisogee. Lakini waliita kwa redio mapema, walitaja walipo, walivaa mavazi mazito ya kuzuia baridi. Helikopta na meli wenzao wakaokoa 42. Watano walikufa. Bila ule wito, kwenye maji ya barafu, sidhani tungekuwa na wa kuhesabu.

Kuhusu redio: ya mkononi ya wati 5, ukiwa umekaa kwenye mashua iliyolala chini, haifiki mbali. Chombo kingine kama chako utakipata maili tano hivi. Chaneli 16, ya kuitia msaada, ni nzuri kama kuna anayeisikiliza karibu. Kilindini unahitaji kile kifaa kidogo kinachorusha ishara kwa setilaiti kwenye megahezi 406. Hakina ada ya mwezi, hata kile kidogo kabisa kinarusha kwa saa 24 angalau. Kisajiliwe tu, kituo cha uokoaji kijue kinamtafuta nani.

Kisheria, angalau kwetu Kenya, mleta mada hujakosea. Mkataba namba 188 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) kuhusu kazi ya uvuvi, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2022, unamtaka mwenye chombo ampe nahodha nyenzo za kutimiza wajibu wake, na usalama wa mabaharia umo. Ule wa Cape Town wa mwaka 2012, wa usalama wa vyombo vya uvuvi, usiutegemee. Unahusu vyombo vya mita 24 na zaidi, mashua zetu hata nusu yake hazifiki.

Mchangiaji mwingine

Ajali ni kudra. Wangapi walikufa na jaketi mwilini?

Fundi, Unguja

Na aliyeambiwa amfunge ngamia kwanza ndipo atawakali, alikuwa hajui kudra?

Mleta mada

Fundi, la mashine umenishika. Sisi tulikuwa tunakimbia kweli, barafu ilikuwa inayeyuka.

Tajiri, hoja yako nimeizungusha kichwani siku mbili. Nakubali nusu. Jaketi zihesabiwe asubuhi ya kutoka na asubuhi ya kurudi, nahodha atie sahihi; ikipungua, ikatwe kwa mabaharia. Hilo ni haki. Ila kupotea kwa sita hakukufanyi ya kwanza iwe deni letu. Nyavu zikichanika mwambani unashona kwa fungu la chombo, hujawahi kutuandikia. Kwa nini nyavu ni zako na roho zetu ni matumizi?

Wa Mombasa, ahsante kwa la setilaiti. Nimebadilisha kauli yangu: redio kwa wanaovua karibu, kile kifaa kwa wanaovuka. Na naongeza jambo lisilo na gharama yoyote: daftari dikoni, nani katoka, wangapi, wanaelekea wapi, warudi lini. Usiku ule hakuna mtu Tanga aliyejua kama tuko tisa au sita. La leseni namwachia mwenye mamlaka, maana naona ukaguzi mwingi unaishia kwenye karatasi.

Mashua yetu imebadilishwa ubao, imerudi majini. Jana tumeitwa kupokea mgao. Kwenye karatasi ya matumizi, chini ya barafu na mafuta, pameandikwa kwa kalamu ya bluu: jaketi saba.